Chenezo la Mpiga Chapa: Historia ya Rula za Karatasi

Herufi iliyochapwa haipimwi kwa rula ya shuleni. Kipimo chake ni pointi, ambayo leo ni sehemu moja ya 72 ya inchi, yaani milimita 0.3528. Pointi 12 hufanya paika moja, na paika sita hujaza inchi. Mbunifu wa michoro anayetaka kujua gazeti la zamani lilipangwa kwa herufi za ukubwa gani, au mistari yake iliachana kwa nafasi gani, huhitaji chombo chenye alama za pointi na paika. Vyombo hivyo viliuzwa madukani kwa muda mrefu, vya chuma na shaba, baadaye vya plastiki. Sambamba navyo vilikuwepo vingine ambavyo mafundi walijitengenezea wenyewe, na vingi kati ya hivyo vilichapwa kwenye karatasi, tena kwa mtambo uleule ambao kazi yake ndiyo iliyopaswa kupimwa. Kiswahili kina neno linalokifaa chombo cha namna hiyo: chenezo, kijiti au ukambaa unaokatwa kwa urefu wa kitu kimoja ili ukapimie kingine. Chenezo la mpiga chapa lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na tatizo lililowasumbua waliolichapa katika karne ya 18 bado linawasumbua wanaolichapa leo.

Johannes Gutenberg alichapa Biblia yake mjini Mainz katika miaka ya 1450. Kwa karibu miaka 300 baada yake, pointi haikuwepo. Ukubwa wa herufi ulikuwa na majina badala ya hesabu. Waingereza walisema Nonpareil, Brevier, Long Primer na Pica; Wafaransa na Wajerumani walikuwa na Cicero, jina linalohusishwa na matoleo ya karne ya 15 ya maandishi ya Cicero, msemaji wa Roma ya kale. Majina haya yalieleza ukubwa kwa kukadiria tu. Pica ya kiwanda kimoja ingeweza kuizidi ya jirani yake kwa unene wa unywele, na kila mwenye kiwanda cha kusubu herufi alikuwa na kalibu zake alizorithi au kununua.

Unene wa unywele ni kitu kidogo kwa msomaji, lakini kwa mpanga herufi ulikuwa balaa. Herufi za wakati huo zilikuwa vipande vya risasi vilivyochanganywa na antimoni na bati, kila kimoja kikisimama juu ya kitako chake. Ukurasa mzima ulipangwa kipande kwa kipande, kisha ukabanwa ndani ya fremu ya chuma mpaka ukawa kama tofali moja linaloweza kubebwa mpaka kwenye mtambo. Herufi moja ikizidi wenzake kimo, inayoifuata hukaa bila kubanwa sawasawa. Fremu ikiinuliwa, mistari humwagika sakafuni na kazi ya siku nzima inakwisha hapo. Kwa hiyo mpiga chapa aliyenunua herufi kwa msubu mmoja alilazimika kubaki naye, au ajaze mapengo kwa vipande vya karatasi na kadi. Kupima, katika kazi hii, kulianza kama njia ya kuzuia ukurasa usianguke.

Mwingereza Joseph Moxon, aliyekuwa mpiga chapa na mtengenezaji wa tufe za ramani na ala za hisabati, ndiye aliyeandika kitabu cha kwanza cha Kiingereza kinachoeleza ufundi wa uchapaji kwa ukamilifu, mwaka 1683 na 1684. Humo alitoa orodha inayoonyesha ni herufi ngapi za kila ukubwa zinazojaza futi moja zikilazwa moja juu ya nyingine: Nonpareil 150, Brevier 112, Long Primer 92, Pica 75. Hiyo ilikuwa njia ya mtu aliyezoea ala. Kipande kimoja cha herufi ni kidogo mno kupimwa kwa jicho, ila vipande 75 vikipangwa pamoja, kosa la kila kimoja hujumlishwa na kuonekana. Wanaopima nafasi za mistari hadi leo hufuata kanuni hiyo: hupima mistari kumi kwa pamoja kisha hugawa.

Hatua iliyobadilisha mambo ilitoka Paris. Pierre-Simon Fournier, msubu wa herufi, alichapa mwaka 1737 jedwali la uwiano wa ukubwa wa herufi, akiwa bado kijana. Alichukua inchi aliyojiwekea mwenyewe, akaigawa katika mistari 12, na kila mstari katika pointi sita. Ukubwa wote wa herufi ukawa sasa ni hesabu ya pointi, na herufi za pointi sita mbili zikawa sawa kabisa na moja ya pointi 12. Urithi mkubwa wa Fournier ni uwiano huo wa hesabu, kwa kuwa ndio uliomwezesha mpanga herufi kuchanganya ukubwa mbalimbali kwenye mstari mmoja bila kujaza mapengo kwa kadi.

Fournier alikabiliwa na swali gumu zaidi: pointi hiyo ingewafikiaje wengine? Hakuwa na ofisi ya serikali ya kumtunzia fimbo ya chuma, na hakuweza kumpelekea kila mpiga chapa wa Ulaya kalibu. Alichokuwa nacho ni mtambo. Basi akachapa rula. Juu ya jedwali lake aliweka kipimo cha inchi mbili chenye pointi 144, na katika kitabu chake kikubwa cha uchapaji, *Manuel typographique* cha 1764, alikirudia. Yeyote aliyekuwa na kitabu alikuwa na chenezo.

Karatasi ikamsaliti. Enzi hizo karatasi ililoweshwa kabla ya kuchapwa, kwa sababu karatasi ngumu ya vitambaa haikupokea wino vizuri ikiwa kavu. Ilipokauka ilinywea, na rula iliyochapwa juu yake ikanywea nayo. Fournier alilijua hilo na alilieleza mwenyewe. Katika toleo la baadaye alijaribu kulisahihisha kwa kuzingatia kiasi cha kunywea. Lakini karatasi hazinywei sawa zote. Thamani za pointi ya Fournier zinazotajwa vitabuni huanzia takribani milimita 0.345 hadi 0.349. Hata hivyo, si haki kumhukumu kwa kosa hilo. Alikuwa wa kwanza kuwapa wapiga chapa lugha moja ya hesabu, na alitumia chombo pekee kilichokuwa mikononi mwake.

Mrithi wake, François-Ambroise Didot, alilikwepa tatizo la karatasi kwa kuifunga pointi kwenye kipimo cha serikali. Katika miaka ya 1780 aliigawa inchi ya mguu wa mfalme wa Ufaransa, yenye milimita 27.07, katika pointi 72. Pointi ya Didot ikawa milimita 0.376, kubwa kidogo kuliko ya Fournier, na majina ya zamani akayaacha: herufi zikaitwa kwa namba zake. Ufaransa ilipofuta mguu wa mfalme na kuleta mita miaka michache baadaye, pointi hiyo ilibaki imening'inia kwenye kipimo kisichokuwepo tena. Wajerumani ndio walioirudisha ardhini. Hermann Berthold, mwenye kiwanda cha herufi mjini Berlin, akishirikiana na mwanafalaki Wilhelm Foerster, aliweka mwishoni mwa miaka ya 1870 kwamba mita moja ni pointi 2,660. Fimbo ya chuma ya sentimita 30, yenye pointi 798, ikawa kigezo cha viwanda vya Ujerumani.

Marekani ilifuata njia yake. Moto mkubwa wa Chicago wa 1871 uliteketeza kiwanda cha herufi cha Marder, Luse & Co., na kwa kuwa kalibu zote zilipaswa kutengenezwa upya, wenyewe waliona ni wakati wa kuzitengeneza kwa mfumo mmoja. Mvutano kati ya viwanda uliendelea kwa miaka kadhaa mpaka 1886, chama cha wenye viwanda kilipokubali paika ya kiwanda cha MacKellar, Smiths & Jordan cha Philadelphia. Walieleza kipimo cha inchi kwa lugha ya mita: paika 83 ni sentimita 35, na sentimita hizohizo ni kimo cha herufi 15 zilizosimama. Uingereza ilikubali mfumo huo mwaka 1898. Pointi 72 za Marekani hazikujaza inchi sawasawa. Zilipungua kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, upungufu ambao ungekuja kuleta mkanganyiko miaka mia baadaye.

Hivyo dunia ya uchapaji ikagawanyika pande mbili, na vitabu vya Kiswahili vilizaliwa pande zote mbili. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misheni ya UMCA ilikuwa na mtambo wake Unguja, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alisimamia uchapaji huo na kuwafundisha vijana kupanga herufi. Kitabu chake *Swahili Tales* kilichapwa London mwaka 1870, katika nchi ya paika. *Desturi za Wasuaheli*, kilichohaririwa na Carl Velten, kilitolewa Göttingen mwaka 1903, katika nchi ya Cicero. Mtu akivilaza vitabu kutoka nchi hizo mbili mezani na kutaka kuvipima, rula moja haimtoshi: paika ni milimita 4.2, Cicero ni milimita 4.5. Neno lenyewe la kazi hii, chapa, lilikuja kutoka upande wa tatu, Bara Hindi, kwa njia ileile ya biashara iliyowaleta wapiga chapa wengi wa Kihindi kwenye miji ya pwani.

Katika sehemu iliyobaki ya enzi ya risasi, rula ya duka ilitosha. Ilikuwa fimbo nyembamba ya chuma au shaba, upande mmoja paika, mwingine inchi, na ncha yenye kikulabu cha kunasa ukingo wa ukurasa. Kilichoirudisha karatasi kwenye kazi ya kupimia ni kufa kwa risasi. Mashine za kupanga herufi kwa picha zilianza kuchapa vitabu Marekani katika miaka ya 1950. Mojawapo ya zilizotangulia ilibuniwa na Wafaransa wawili, René Higonnet na Louis Moyroud. Herufi haikuwa tena kipande chenye kitako. Ilikuwa kivuli kinachopita kwenye lenzi, na ukubwa wake ukawa kiasi cha kukuza tu. Zamani mtu aliweza kukishika kitako cha herufi na kukiweka kwenye rula. Sasa kilichobaki ni alama nyeusi kwenye karatasi, isiyoonyesha kitako kiliishia wapi.

Suluhisho lilikuwa tabaka la filamu angavu lililochapwa herufi E kubwa za ukubwa mbalimbali, kuanzia pointi 6 hadi 72 au zaidi. Mbunifu aliliweka juu ya neno na kulisogeza mpaka E moja ilingane na kimo cha herufi kubwa iliyo chini yake. Pembeni palikuwa na safu za mistari iliyoachana kwa pointi 8, 9, 10 na kuendelea, ambazo ziliwekwa juu ya aya mpaka kila mstari wa aya ukalie mstari wa kipimo. Filamu ya poliesta ilifaa kwa sababu hainywi unyevu kama karatasi. Udhaifu wake ulikuwa kwingine. Kimo cha herufi kubwa si sawa kwa kila familia ya herufi, ingawa mara nyingi huwa karibu asilimia 70 ya ukubwa unaotajwa. Kwa hiyo E ya kipimo ilitoa makadirio mazuri kwa familia iliyochorewa, na makadirio mabaya kwa nyingine. Wabunifu makini walijitengenezea vipimo vyao kwa kila familia waliyoitumia sana: walipanga E zote kwa mashine yao wenyewe, wakazipiga picha kwenye filamu, na kuzikata.

Vyumba vya habari navyo vilikuwa na chenezo lake. Gazeti lilipopangwa kwa mkasi na gundi, kila ukurasa ulijengwa juu ya karatasi iliyochapwa safu, paika na mistari ya gazeti hilo, na kila gazeti lilichapa za kwake. Alama zilikuwa za samawati hafifu, kwa sababu filamu iliyotumika kupigia picha kurasa iliiona rangi hiyo kama nyeupe. Maandishi yaliyobandikwa yalitoka, rula iliyo chini yake ikatoweka. Pengine hakuna chombo cha kupimia kilichobuniwa kwa akili zaidi katika kazi hii yote: kilikuwa ukurasani muda wote wa kazi na hakikuacha alama yoyote kwa msomaji. Mwaka 1981 mbunifu wa Uswisi Josef Müller-Brockmann alipotoa kitabu chake kuhusu mifumo ya gridi, aliieleza kwa nadharia kazi ambayo wapangaji wa magazeti walikuwa wakiifanya kila usiku.

Kompyuta ilikuja na hukumu yake kuhusu inchi. Donald Knuth, alipotengeneza programu ya TeX mwishoni mwa miaka ya 1970, aliitunza pointi ya Marekani ya 1886, akahesabu pointi 72.27 kwa inchi. Lugha ya PostScript ya Adobe, iliyotoka 1984, iliikata sawasawa kuwa 72. Mwaka huohuo skrini ya Macintosh ilikuwa na nukta 72 kwa inchi, kwa hiyo pointi moja ikawa nukta moja, na printa ya LaserWriter ya 1985 iliichukua PostScript mpaka mezani kwa mbunifu. PostScript ikashinda. Rula za chuma zilizotengenezwa kwa pointi ya zamani zikawa na kosa la ghafla: kwenye urefu wa pointi 720 zinapishana na kompyuta kwa takribani milimita moja. Mtu anayenunua rula kuukuu ya mpiga chapa leo anapaswa kujua kwamba ni sahihi kwa vitabu vya enzi yake, na si kwa faili lililotoka kwenye kompyuta.

Kuanzia hapo kujichapia rula kukawa kazi ya dakika chache. PostScript ni lugha ya kuamuru, na mistari kama kumi inatosha kuiambia printa ichore alama kila baada ya pointi 2.8346, ambayo ni milimita moja. Baadaye PDF ya 1993 na michoro ya SVG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha wavuti mwaka 2001, vilifanya vipimo hivyo viweze kusafiri. Wabunifu hawakuishia kwenye rula. Walichapa kwenye karatasi angavu safu za E, mistari ya unene mbalimbali ya kulinganisha na mistari ya kazi iliyokwisha kuchapwa, pembe, duara za kipenyo kinachojulikana, na gurudumu la uwiano la kukokotoa picha ipunguzwe kwa asilimia ngapi. Kwa mwanafunzi asiye na fedha za kuagiza filamu kutoka ng'ambo, faili moja na karatasi angavu moja ya steshenari vilimpa sanduku zima la vyombo.

Kuichora vizuri kunahitaji uangalifu wa namna ambayo Moxon angeielewa. Printa ya nukta 600 kwa inchi ina nukta 23.62 katika kila milimita, na haiwezi kuchapa sehemu ya nukta. Kwa hiyo nafasi kati ya alama huwa mara nukta 23, mara 24. Hilo halina madhara ikiwa kila alama imehesabiwa kutoka sifuri, kwa kuwa kosa halizidi nusu ya nukta popote. Alama zikihesabiwa kwa kuongeza nafasi iliyokwisha kukatwa juu ya nyingine, kosa hujumlishwa: kwa nukta 24 kila mara, rula ya milimita 200 huzidi kwa zaidi ya milimita tatu. Mistari nayo iwe myembamba, robo ya pointi hivi, na ipimwe kutoka ukingo mmoja uleule wa alama, la sivyo unene wa wino unageuka kuwa sehemu ya kipimo.

Adui wa zamani hajaondoka. Printa ya leza huikausha karatasi kwa joto la kuyeyushia wino wa unga, na karatasi inatoka imenywea kidogo. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu, kama ya Tanga au Mombasa wakati wa masika, hunywa maji na kutanuka tena, zaidi kwa kukata nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Rula iliyochapwa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kutumiwa barazani si rula ileile. Kwa kazi ya kupima herufi tofauti hiyo mara nyingi inavumilika. Kwa kazi ya kukata vifungashio haivumiliki, na hapo filamu ya poliesta bado haina mpinzani.

Kosa kubwa zaidi ni jipya, na linatokana na karatasi kuwa na viwango viwili. Ujerumani iliweka mfululizo wa A mwaka 1922 kwa kazi ya Walter Porstmann, na A4 ya milimita 210 kwa 297 ndiyo inayotumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya dunia. Marekani imebaki na karatasi yake ya inchi 8.5 kwa 11, pana zaidi na fupi zaidi. Faili la rula lililochorwa kwa karatasi ya Marekani likifunguliwa Dodoma au Nairobi, programu nyingi huamua zenyewe kulibana lienee kwenye A4, na rula hupungua mpaka karibu asilimia 97 bila onyo lolote. Sentimita kumi zilizoandikwa juu yake zinakuwa sentimita tisa na milimita saba. Alama zote zipo, namba zote zipo, na kila kipimo kinachotolewa nayo ni cha uongo. Kabla ya kuchapa, ukubwa uwekwe asilimia 100.

Uhakiki wake ni rahisi kuliko wa Fournier, kwa sababu karibu kila mtu hubeba kigezo mfukoni. Kadi ya benki hutengenezwa kwa kiwango cha kimataifa ISO 7810, urefu wake milimita 85.60. Ilazwe juu ya rula iliyochapwa, ukingo mmoja kwenye sifuri. Ukingo wa pili ukiishia katikati ya alama ya 85 na ya 86, rula inafaa. Ukifika kwenye 88, ukurasa umebanwa, na karatasi hiyo itupwe.